Ndiva za Upare: Jinsi Wazee Wetu Walivyochimba na Kujaza Mabwawa Yao

Katika kitabu hiki cha jubilei yametajwa makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, na watu waliozitumikia. Sisi twapenda kuongeza habari ya kazi nyingine ya mikono ya watu wetu, iliyokuwako kabla kengele ya kwanza haijalia katika milima hii. Kazi hiyo ni ndiva. Mgeni apitaye njia kuu chini ya mlima, penye Same na Makanya, haoni ndiva hata moja. Aona nchi kavu na miti ya miiba. Walakini akipanda akifuata mfereji, atakuta bwawa dogo limekaa ubavuni mwa mlima kama bakuli mkononi mwa mtu, na chini yake mashamba ya mahindi na maharage, yamesitawi wakati wa jua kali.

Milima ya Upare imekaa kati ya Kilimanjaro na Usambara, na kilele chake kirefu ni Shengena, mita 2,462. Pepo za bahari huleta mvua upande wa mashariki, bali upande wa magharibi hupata kidogo. Mvua za vuli na za masika zikikatika, vijito vitokavyo msituni huwa vyembamba. Mtu akiyaongoza maji machache namna hiyo katika mfereji mrefu, udongo huyanywa njiani, na shamba la mbali halipati hata tone. Wazee waliliona jambo hilo, wakatafuta dawa yake. Waliyazuia maji usiku kucha, watu walipolala, wakayafungulia asubuhi kwa nguvu moja.

Na tufanye hesabu, kwa kuwa walimu wataweza kuwafundisha watoto wao. Kijito kitoacho lita 10 kila sekunde, katika saa 12 za usiku hutoa lita 432,000. Maji hayo yakifunguliwa yatoke kwa muda wa saa tatu, hushuka kwa lita 40 kila sekunde, yaani mara nne ya nguvu ya kijito chenyewe. Maji yaendayo kwa nguvu hivi hayapati nafasi ya kunywewa sana njiani, hufika shambani. Wazee hawakuijua sekunde wala lita, lakini kazi yao yalingana na hesabu hii.

Basi, ndiva mpya huchimbwaje? Kwanza huchaguliwa mahali. Sharti pawe chini ya kijito ili maji yafike yenyewe, na juu ya mashamba ili yashuke yenyewe. Pawe na udongo wa mfinyanzi. Mtu huulowesha, akauviringisha mkononi, na usipokatika wafaa. Kisha watu huchimba upande wa mlimani, na udongo utokao hubebwa kwa vikapu mpaka upande wa bondeni, ufanywe ukingo. Mizizi na majani hutolewa kabisa, maana mzizi ukioza ndani ya ukingo huacha tundu, na maji hupenda tundu. Udongo hutandazwa kidogo kidogo, ukaloweshwa, ukakanyagwa kwa miguu mpaka ushikane, ndipo huongezwa mwingine juu yake. Mawe hupangwa ili kuushikilia. Chini huachwa tundu la kutolea maji, lizibwalo kwa gogo au jiwe pamoja na migomba na tope. Na juu, pembeni, hufanywa njia ya maji yaliyozidi, yasije yakapita juu ya ukingo na kuubomoa.

Kazi ya kuijaza mara ya kwanza yataka subira kuliko kuchimba. Ukingo mpya ni kama mtoto mchanga, haubebeshwi mzigo mzima siku moja. Maji huingizwa kidogo, yakaachwa, na watu huzunguka upande wa nje wakitazama penye unyevu. Wakiona maji yatoka machafu wajua kwamba udongo wa ndani unachukuliwa. Hufungua upesi, wakaziba kwa mfinyanzi, wakaanza tena. Hivyo siku kwa siku maji huongezwa, na lile tope laini liletwalo na kijito huziba nyufa ndogo zisizoonekana. Haba na haba hujaza kibaba.

Kazi hii haikuwa ya mtu mmoja. Baragumu ikilia, kila nyumba ilitoa mtu na jembe. Nayo kazi hiyo ya pamoja yaitwa msaragambo. Ndiva ikiisha kujengwa, msaragambo haukwisha. Kila mwaka kijito huleta mchanga na tope, nalo tope lisipotolewa, ndiva huwa ndogo na mwisho huwa uwanja wa nyasi. Asiyekuja alitozwa faini. Aliyekuja alipewa zamu yake ya maji, na mzee wa mfereji ndiye aliyezigawa zamu.

Ndiva hizi ni za zamani, kabla ya utawala wa wageni. Mashamba yenye maji ya mfereji yalisaidia kupata chakula mvua zilipochelewa. Tena katika karne ya kumi na tisa misafara ya biashara, iliyopita bonde la Pangani, ilinunua vyakula kwa watu wa milimani. Ukoo uliochimba mfereji ndio ulioushika, na mahali maji yalipotolewa kijitoni palikuwa na sadaka na miiko yake. Misioni ya Leipzig ilianza kazi Shigatini, Upare ya kaskazini, mwaka wa 1900. Waadventista walifika Upare ya kusini mwaka wa 1903. Watu walipoanza kubatizwa, swali gumu likazuka penye ndiva: Je, Mkristo asiyetoa sadaka kwa mizimu apewe maji? Kwetu twasimuliwa na wazee kwamba walipatana hivi: aliyebatizwa hakushurutishwa kwenda kwenye sadaka, lakini jembe lake lilitakiwa siku ya msaragambo kama la mwingine yeyote. Twaona patano hilo lilikuwa la hekima. Tope halikuuliza dini ya mtu.

Baadaye mambo yalibadilika. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka wa 1911, na vijana wengi wakaondoka kutafuta mshahara katika mashamba ya mkonge na katika miji. Mwaka wa 1963, baada ya Uhuru, utawala wa machifu uliondolewa, na neno la wazee wa mifereji likapungua nguvu. Sheria ya maji ya mwaka wa 1974, na ile ya usimamizi wa rasilimali za maji ya mwaka wa 2009, zimeyaweka maji mikononi mwa taifa zima, na watumiaji hutakiwa kuwa na vyama na vibali. Mahali pengine ndiva za kale zimetengenezwa upya kwa mawe na saruji. Ndiva ya Manoo, iliyo katika bonde la Makanya, ilipanuliwa mwanzoni mwa karne hii, nayo sasa yaweza kushika kama mita za ujazo 1,600.

Lakini saruji haizoi tope. Hapa yatupasa kukiri kosa letu, sisi walimu na makatekista. Mwaka mmoja baragumu ililia kwetu kwa ajili ya msaragambo, nasi tukasema kwamba tuna kazi ya kalamu. Tukatuma fedha ya faini, tukaona tumetimiza haki. Wengine wakatuiga, kwa maana watu huwatazama waliosoma. Mwaka wa pili fedha zilikuwa nyingi na majembe machache. Tope likapanda, ndiva ikashika nusu ya maji yake, na mashamba ya chini, yaliyo ya wajane na ya watu wasio na mshahara, yakakauka maharage yakiwa katika maua. Sisi tulinunua chakula sokoni. Wao hawakuwa na kitu cha kununulia. Hapo tukafahamu sababu ya wazee kutaka jembe la kila nyumba. Faini yao ilikuwa adhabu tu. Haikuwa njia ya kununua ruhusa.

Mwaka uliofuata tuliingia ndani ya ndiva, suruali zetu zimekunjwa, tukapokezana vikapu vya tope tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Jioni tundu likazibwa. Kulipokucha tulikwenda kutazama, maji yalikuwa yamefika kwenye alama ya jiwe la zamani, na mama mmoja wa mashamba ya chini alikuwa amekwisha kufika na jembe begani, akingoja zamu yake.