Kwa nini msumari ni mgumu na waya wa kufungia ni laini

FUNDI wa ujenzi wa Kisauni au Likoni hutumia kila siku vitu viwili vya chuma vilivyo karibu ndugu: msumari na waya wa kufungia nondo. Kwa kawaida vyote hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni chini ya asilimia 0.25. Hata hivyo, waya hupindika kwa koleo, ilhali msumari hustahimili nyundo. Tofauti hiyo huletwa na moto.

Chuma kinapovutwa au kukandamizwa kikiwa baridi, fuwele zake huvurugika nacho huwa kigumu. Kikipashwa joto la nyuzi 600 hadi 700 hivi za Selsiasi, kisha kikapoa polepole, fuwele mpya huumbika na ulaini hurejea. Waya wa kufungia hupitishwa tanurini. Wa misumari huachwa na ugumu wake.

Kiasi cha joto hutegemea pia madini yaliyochanganywa na chuma. Niobiamu, hata ikiwa chini ya asilimia 0.1, huzuia fuwele mpya kuumbika, hivyo tanuri hulazimika kuwa na joto zaidi. Titaniamu hufunga kaboni na nitrojeni, na bati lake likishalainishwa huweza kufinyangwa kuwa bodi ya gari bila kupasuka. Alumini nayo huungana na nitrojeni chuma kinapopashwa joto polepole, ikaacha fuwele bapa zinazofaa kazi hiyo hiyo. Manganisi huongeza nguvu.

Katika barabara kuu itokayo Changamwe kuelekea Nairobi, kiwanda cha Mabati Rolling Mills kilichoko Mariakani hupunguza unene wa chuma kikiwa baridi, kisha hukipaka aloi ya alumini na zinki. Mabati mengi membamba ya paa duniani huachwa magumu makusudi. Basi bati likipasuka kwenye kunjo kali, si lazima liwe ghushi. Huenda halikukusudiwa sanduku wala jiko.

Fundi asijaribu kulilainisha kwa moto. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, mafusho yake huleta homa, na bati lililopoteza rango hilo huliwa upesi na chumvi ya pwani. Ni heri kuuliza daraja kabla ya kununua: G550 ni bati gumu, G250 ni laini zaidi.