Kifuu cha nazi ndani ya betri ya sodiamu

Sodiamu imo ndani ya chumvi, haiadimiki kama lithiamu. Lakini ioni yake ni kubwa zaidi, na matabaka ya grafiti, yaliyoachana kwa nanomita 0.335 tu, hayaipokei vizuri.

Mwaka 2000, Stevens na Dahn wa Kanada walionyesha kuwa kaboni ngumu, ambayo matabaka yake yamekaa shaghalabaghala na kuacha vijishimo, huhifadhi takriban miliampea-saa 300 kwa gramu.

Kaboni hiyo huweza kutiwa salfa au fosforasi kidogo kutanua nafasi, au naitrojeni ili umeme upite vyema. Dawa ikizidi huharibu: sodiamu nyingi hunaswa betri inapochajiwa mara ya kwanza, isitoke tena.

Vifuu vya nazi ni malighafi nzuri ya kaboni ngumu. Huoshwa majivu, kisha huchomwa bila hewa kwa nyuzi zaidi ya 1,000. Makaa yetu ya jikoni hayafiki hapo.

Kwa hivyo nasema, ndugu zangu wa Kilifi na Kwale: tusikimbilie kuuza vifuu kwa gunia. Thamani imo katika kuosha na kuchoma, na kazi hiyo vyuo vyetu vya Pwani vyaweza kuianza.