Kopo la Haluli

Nyumbani kwa mjomba wangu, Maretadu, palikuwa na kopo la bati juu ya kabati, na ndani yake chumvi nyeupe iliyong'aa kama vipande vya kioo. Sisi watoto tuliionja mara moja tu, maana uchungu wake haukusahaulika. Mjomba aliiita haluli. Tumbo likifunga, alikoroga kijiko kimoja katika kikombe cha maji, akanywa huku amefumba macho, na kabla ya jua kuzama mambo yalikuwa yamekwisha.

Jina hilo tulilipokea kutoka Pwani, na Pwani ililipata kwa Waarabu. Chumvi yenyewe ina masimulizi yake. Husemwa kwamba mwaka 1618, wakati wa kiangazi, mchunga ng'ombe wa Epsom, Uingereza, jina lake Henry Wicker, aliona ng'ombe wake wenye kiu wakikataa maji ya dimbwi fulani. (Wachungaji wa huku kwetu hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.) Watu wakayaonja, wakaendeshwa tumbo, na hatimaye matajiri wakawa wanasafiri kwenda Epsom ili waharishe kwa hiari yao! Mwaka 1695 daktari Nehemiah Grew akaandika kitabu juu ya chumvi ya maji hayo, ambayo leo huitwa magnesiamu salfeti. Utumbo hauifyonzi kwa wingi. Hivyo hubaki humo ikivuta maji, choo kikavu kikalainika na kusukumwa nje.

Wazungu waliokuja nchi hizi waliamini sana kusafisha matumbo. Hata vidonge vya homa vya Livingstone vilikuwa kwinini iliyochanganywa na dawa za kuharisha. Wala hawakutambua kwamba wenyeji hawakuwa na shida kubwa ya choo kama wao. Aliyelipima jambo hilo ni Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyeanza kazi Uganda mwaka 1946. Katika vipimo alivyochapisha na wenzake mwaka 1972, choo cha wanakijiji wa Uganda kwa siku kilizidi gramu 400, na cha Waingereza kilikuwa kama gramu 100. Tofauti ilitokana na chakula chenye makapi mengi.

Basi mla ugali wa mtama, maharage na mboga za majani akifungwa tumbo ghafla, yafaa kujiuliza kuna nini. Swali hilo sikulijua mwaka 1986. Mjomba alikaa siku mbili bila choo wala kutoa hewa, tumbo limevimba, anatapika. Alikuwa amekwisha kunywa haluli mara mbili na kopo likawa tupu. Akaniambia, "Mpwa wangu, kimbia dukani." Muuzaji wa duka la dawa baridi aliniuliza jambo moja tu: ya shilingi ngapi? Nikarudi mbio, nikijiona shujaa.

Kikombe cha tatu kilizuiwa na mama mmoja jirani, mkunga mstaafu, aliyelibonyeza lile tumbo kidogo akasema huyu apelekwe hospitali sasa hivi. Tulimpakia kwenye tela la trekta. Walipompasua, wakakuta utumbo umejisokota, ugonjwa usio mgeni katika nchi zetu. Haluli niliyokuwa nikimletea ingeendelea kuvuta maji na kuyaingiza mahali ambapo mlango umefungwa.

Siku hizi mimi mwenyewe, kwa umri wangu, hutumia dawa ya maji ya laktulosi, iliyoanza kutumika kwa tatizo hili mwishoni mwa miaka ya 1950. Nayo huvuta maji utumboni, ila kwa upole, na hukawia siku moja au mbili. Ni tamu mno. Wenye ugonjwa wa figo hukatazwa haluli, kwani magnesiamu huwarundikia mwilini. Na yale maduka ya dawa baridi yalibadilishwa polepole kuwa maduka ya dawa muhimu, kuanzia Ruvuma mwaka 2003, yenye wauzaji waliofundishwa kuuliza zaidi ya bei.

Mjomba aliporudi alilisuuza kopo, akatia mbegu za maboga. Ile haluli niliyonunua hakuiulizia kamwe, nami niliimwaga nyuma ya zizi usiku.