Silikoni na Mwanga wa Kuazima

Silikoni haiwaki. Ukiipitishia umeme, karibu nguvu yote huishia kuwa joto, ndiyo maana leza za mkongo wa mawasiliano zimekuwa zikitengenezwa kwa indiamu fosfaidi, malighafi ghali. Lakini mwanga usioonekana wa nanomita 1310 na 1550, ule unaosafiri kwenye mkongo, hupenya silikoni kana kwamba ni kioo.

Richard Soref, aliyekuwa maabara ya Jeshi la Anga la Marekani huko Massachusetts, alilitilia jambo hilo maanani mapema. Mwaka 1987, yeye na Brian Bennett walichapisha hesabu kuonyesha kwamba ukiongeza au kupunguza chaji ndani ya silikoni, mwendo wa mwanga unaopita humo hubadilika kidogo sana. Kidogo hicho kinatosha: ugawe mwanga njia mbili, uucheleweshe kwenye njia moja, uzikutanishe tena, nao utazimika au kuwaka utakavyo. Hivyo ndivyo data inavyoandikwa. Sifa nyingi huiendea leza, ila mimi naamini mzizi wa teknolojia hii ya kuongoza mwanga ndani ya silikoni ni kurasa zile.

Ikapita miaka 17. Moduleta za silikoni, yaani vifaa vya kuuandikia mwanga data, zilikuwa zikiishia megahezi 20 hivi. Februari 2004, watafiti wa Intel walitangaza katika jarida la Nature moja iliyovuka gigahezi 1.

Mwanga wenyewe utoke wapi? Mwaka 2006, Intel na kundi la John Bowers wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walibandika indiamu fosfaidi juu ya silikoni, zikashikana kwa utando mwembamba wa oksaidi. Mwanga ukazaliwa juu, ukaongozwa chini.

Biashara ikafuata. Cisco, watengenezaji wa ruta, walizinunua kampuni mbili za teknolojia hii, Luxtera mwaka 2019 na Acacia mwaka 2021. Walikuwa na sababu nzito. Data hufika kwenye ruta ikiwa mwanga, hugeuzwa umeme ili anwani isomwe na njia ichaguliwe, kisha hugeuzwa mwanga tena; kila mgeuzo hula umeme na nafasi. Zamani, safari ndefu zilidai kasha zima la mitambo kando ya ruta. Kiwango cha 400ZR cha mwaka 2020 kiliileta kazi hiyo kwenye moduli inayochomekwa kwenye tundu la ruta, gigabiti 400 kwa sekunde, hadi kilomita 120 hivi kwa msaada wa vikuza mwanga.

Machi 2025, Nvidia ilionyesha swichi za mtandao ambazo mgeuzo huo wa umeme na mwanga hufanyika ubavuni mwa chipu kuu. Leza zimeachwa nje, kwenye moduli za kuchomoa, kwa sababu joto la chipu huzichakaza.