Kelele za Baa Ndani ya Kanda

Reli ilipofika Nanyuki iliishia hapo. Ukitaka kuja kwetu Timau unashuka, unatafuta matatu ya Meru, halafu barabara inapanda katikati ya mashamba ya ngano na ya maua mpaka baridi inakushika masikio. Treni haijawahi kutufikia. Lakini mugithi ilitufikia, na mugithi kwa Kigikuyu ndiyo hiyo treni.

Kwa wale ambao hawajaiona: mtu mmoja, gitaa moja, maikrofoni moja, kwenye kona ya baa. Anaanza polepole. Ikifika saa sita usiku watu wameshapanga laini, kila mmoja mikono kwenye mabega ya aliye mbele yake, wanazunguka meza kama mabehewa. Mtindo huu ulishika moto miaka ya 1990, Nairobi na pande zote za Mlima Kenya, na majina kama Mike Rua na Salim Junior yakawa makubwa. Mpigaji haimbi nyimbo zake peke yake. Anachukua za Joseph Kamaru, za Daniel Kamau, hata za kanisani, anaziunganisha bila kusimama, na akifika kwa hizo za kanisani anageuza maneno kiasi kwamba mzee wa kanisa akiwa hapo ataangalia glasi yake tu.

Sasa jaribu kuweka kitu kama hicho kwenye albamu. Studio inataka wimbo wenye mwanzo na mwisho, maneno ambayo redio itayakubali, na ukimya nyuma ya gitaa. Ukitoa hayo yote, kilichobaki ni kizuri, lakini si mugithi. Ndiyo maana nikitaka kujua usiku wa Timau ulisikikaje nilipokuwa mtoto, siendi kwa albamu. Naenda kwa katoni ya mjomba.

Mjomba alikuwa na redio kaseti ya kubeba, yenye maikrofoni yake ndani. Wikendi aliibeba hadi baa, akaiweka kwenye meza ya karibu na spika, akabonyeza vile vitufe viwili pamoja. Kanda ya dakika 90 ilimpa dakika 45 kila upande, kwa hivyo katikati ya kila kanda kuna shimo: gitaa linakatika, kimya, halafu linarudi likiwa mahali pengine kabisa. Mjomba alikuwa anageuza kanda. Ukizisikiliza za kutosha unaanza kulipenda hilo shimo.

Alichokuwa anafanya kina historia ndefu kuliko alivyojua, na historia yenyewe inahusu mashine kuliko muziki. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na mitambo yake ya kurekodi, akakuta wasichana wa Kikipsigis wanaimba juu ya Chemirocha. Huyo Chemirocha alikuwa Jimmie Rodgers, Mmarekani wa gitaa na blues aliyewahi kufanya kazi kwenye reli (treni tena, ona), aliyekufa mwaka 1933. Santuri zake zilifika kwao kabla ya Tracey, na jina likageuzwa likae vizuri mdomoni. Mwaka 1952 Tracey huyo huyo akawa Jadotville, Katanga, mji ambao leo ni Likasi, na huko akamrekodi kijana anayeitwa Mwenda Jean Bosco. Bosco alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, gumba likitembea chini huku cha shahada kikicheza juu, na ukisikia "Masanga" kwa mara ya kwanza unatafuta mpigaji wa pili. Hayupo.

Lakini santuri ya wakati ule ilibeba kama dakika tatu upande mmoja. "Masanga" tunayoijua ni ya dakika tatu kwa sababu ya hiyo sahani. Bosco alikuwa akibadilisha mapigo kila mara, na msomi mmoja, David Rycroft, alikaa na rekodi zake akaandika nota moja moja, makala zikatoka mwaka 1961 na 1962. Nota zile zinaonyesha mtu asiyerudia kitu kile kile mara mbili. Mimi nikizisoma nafikiria dakika ya nne. Dakika ya ishirini je?

George Mukabi wa Kisa, yule baba wa gitaa la Magharibi lenye chupa ya soda ikigongwa pembeni, aliuawa mwaka 1963. Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, kampuni ya Philips ilionyesha kaseti kwa mara ya kwanza huko Berlin. Walipishana. Mukabi ametuachia santuri, nzuri ajabu, fupi zote.

Na mwaka huo huo tena, Marekani, shabiki anayeitwa Tom Hoskins aliendesha gari hadi Avalon, Mississippi, akiwa na mashine ya kurekodi. Alikuwa akimtafuta John Hurt, mpiga blues wa vidole aliyerekodi santuri chache mwaka 1928 kisha akapotea. Hoskins aliukuta mji kwa sababu Hurt aliutaja kwenye wimbo. Mzee alikuwepo, anafanya kazi ya shamba. Upande wetu aliyefanya safari kama hiyo ni John Low, aliyesoma gitaa la Kenya kisha akaenda Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kumtafuta Bosco na wenzake ili afundishwe na wenyewe. Kitabu chake cha safari kilitoka mwaka 1982. Bosco alikufa kwa ajali ya gari Zambia mwaka 1990. Angechelewa sana, angeandika kuhusu kaburi.

Nawapenda hawa watu, lakini tuseme ukweli: wote walikuja kutoka mbali na kuondoka na kanda. Mjomba hakuondoka popote. Alirekodi watu anaowajua, mahali anapokunywa. Kwenye kanda zake mpigaji anamtaja fundi wa matairi kwa jina, anamdai mtu mwingine deni mbele ya baa nzima, anasikia mlango ukifunguka na kubadilisha ubeti umhusu aliyeingia. Kuna upande mmoja ambapo mapigo hayasimami kwa dakika 38, na unasikia lugha ikihama kutoka Kigikuyu hadi Kimeru hadi Kiswahili kulingana na nani ameongeza bia. Timau ni mji wa watu waliotoka kila mahali. Sijaona kitabu kinachoonyesha hivyo vizuri kama zile dakika 38.

Kanda pia zilikuwa na hatari yake. Mwaka 1990 serikali iliwakamata wauzaji wa kanda za nyimbo ilizoziita za uchochezi. Redio ilikuwa moja na ilikuwa yao. Kilichoimbwa baa kilibaki baa, labda awe na mashine mtu kama mjomba.

Hapo ndipo wapigaji wenyewe wana neno. Mmoja anayepiga wikendi hapa Timau aliniambia hataki simu juu akishafika saa saba. Si pesa peke yake, ingawa analipwa kwa usiku na hapati kitu video ikisambaa. "Nyimbo za saa saba si za mama yangu," alisema. Na sheria iko upande wake: Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa msanii haki ya kuamua kama onyesho lake lirekodiwe. Marekani bendi ya Grateful Dead ilitenga sehemu ya mashabiki wa kurekodi kuanzia mwaka 1984, lakini wale walijaza viwanja. Mtu wa gitaa moja anayelipwa na mwenye baa ana nafasi ndogo ya kuwa mkarimu hivyo.

Kwa hivyo nimeamua hivi. Zile za mjomba nazihamisha kwa kompyuta, lakini siziweki mtandaoni mpaka nimpate aliyepiga au watoto wake, wasikilize kwanza, wakate wanachotaka kukata. Wawili wameshasikiliza. Mmoja alicheka mpaka akalia, kisha akaomba dakika sita zitolewe, na nikazitoa kwenye nakala ya kusikilizwa. Kanda yenyewe sijaigusa, naye anajua.

Tatizo lililobaki ni la majina. Mjomba aliandika "Timau, Disemba" bila mwaka kwenye kanda tisa. Naukisia kwa bei ya bia inayotajwa na kwa wanasiasa wanaotukanwa. Nne nimezipata. Tano bado, na redio kaseti imekatika mkanda wa mpira ndani. Fundi wa Meru amesema nirudi Alhamisi.