Njia ya Kabambare na Sauti ya Remmy

Daladala za Sinza, jijini Dar es Salaam, zina kituo kinachoitwa Kwa Remmy. Wengi wanaoshuka hapo ni vijana ambao hawakuwahi kumwona mwenye jina akiwa jukwaani. Alikuwa Ramazani Mtoro Ongala, mzaliwa wa Kindu, Maniema, mwaka 1947. Aliingia Tanzania 1978 akiwa mwanamuziki mgeni kutoka Zaire, na alipofariki Sinza tarehe 13 Desemba 2010 taifa zima lilimlilia kama mtoto wake. Katikati ya tarehe hizo alijigeuza zaidi ya mara moja. Mpiga rumba akawa msemaji wa wanyonge, msemaji wa wanyonge akapanda majukwaa ya Ulaya, na mwisho akawa mwimbaji wa Injili.

Kipaji chake hakuna anayekibishia. Lakini wanamuziki wenye vipaji walitoka Zaire kwa makumi, na wengi wao Watanzania waliwapenda kwa magita yao tu. Remmy alipendwa kwa maneno. Anayetaka kujua maneno hayo yalitoka wapi inambidi aende kusini ya Kindu, zaidi ya kilometa 200, mpaka Kasongo, kisha ashike njia ya mashariki kuelekea Kabambare.

Njia hiyo ilijulikana zamani. David Livingstone alifika Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, mwaka 1869, akakwama pale miezi mingi kwa vidonda vya miguu. Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wamekwisha kumtangulia. Kiasi cha mwaka 1875, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliifanya Kasongo makao yake makuu. Mashamba ya mpunga yakaenea kuuzunguka mji. Misafara ikatoka Kasongo, ikapumzika Kabambare, ikaendelea mpaka Ziwa Tanganyika, ikavuka kwenda Ujiji na kuendelea Tabora hadi pwani. Walichobeba wapagazi wa misafara hiyo kilikuwa pembe za ndovu, na wengi wa wapagazi wenyewe walikuwa watu waliotekwa. Vijiji vilichomwa na familia zikatawanyika. Kiswahili cha Maniema kilizaliwa ndani ya machungu hayo, na haifai kukisimulia kana kwamba kilikuja kama zawadi.

Hata hivyo kilikaa. Vijana waliochukuliwa kutoka kwa Wakusu, Wazimba na Wabangubangu, wakalelewa katika nyumba za wafanyabiashara, walijiita Waungwana. Walivaa kanzu, wakasali, wakalima mpunga, wakasemeshana Kiswahili. Jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji lilipokuja chini ya Francis Dhanis, Kasongo ilianguka tarehe 22 Aprili 1893 na Kabambare Januari 1894. Utawala wa wafanyabiashara ukafutwa. Wabelgiji waliwatilia shaka Waislamu wa Kasongo kwa miongo mingi, na elimu ikawa mikononi mwa misheni za Kikatoliki. Lakini lugha haikuondoka na mabwana walioileta, kwa kuwa ilikuwa tayari ya akina mama jikoni na watoto uani. Hadi leo Kiswahili cha Kasongo na Kabambare kinahesabiwa miongoni mwa vile vya Kongo vilivyo karibu zaidi na kile cha pwani.

Njia nayo haikufa, ilipata reli. Kindu iliunganishwa na Kongolo kwa treni mwaka 1911, na mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo ikafika ziwani, mahali panapoitwa leo Kalemie. Ng'ambo ya ziwa, reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilikuwa imeingia Kigoma mwaka 1914. Kwa mkataba wa 1921 Wabelgiji walipewa hata sehemu za bandari Kigoma na Dar es Salaam. Watu wa Maniema walikuwa wamekwisha kupita njia hiyo kwa miguu, kwa hiari au kwa kamba shingoni, na wajukuu wao walikuwa wenyeji wa Ujiji na Tabora. Kariakoo, Dar es Salaam, upo Msikiti wa Manyema. Mkongo aliyeshuka pale katika miaka ya 1970 aliwakuta jamaa wa damu yake, wengine wakiwa hawajawahi kuuona mto Lualaba.

Muziki mkubwa wa Kongo, hata hivyo, ulikwenda njia nyingine. Ulitoka Léopoldville, baadaye Kinshasa, na ulitoka kwa Kilingala. Joseph Kabasele na African Jazz, Franco na OK Jazz, Tabu Ley, Dokta Nico: redio iliwasambaza hao mpaka vibanda vya samaki vya Kindu. Kijana wa Maniema aliyetaka kuwa mwanamuziki alijifunza kuimba kwa lugha isiyokuwa ya mama yake. Waliothubutu kuimba Kiswahili walikuwa zaidi watu wa Katanga. Jean Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville mwaka 1952 akiwa na gita moja tu, na Edouard Masengo alikwenda kujitafutia jina Nairobi. Wazee hawa wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa, kwani walionyesha mapema kwamba gita la Kongo na Kiswahili vinaweza kukaa nyumba moja.

Kuzaliwa kwa Remmy kulikuwa na hadithi yake, na mwenyewe aliisimulia mara nyingi. Mama yake alikuwa amepoteza watoto kabla yake. Mganga akamwelekeza ajifungulie porini, na mtoto asinyolewe nywele. Remmy alizaliwa na meno mawili ya mbele, ishara ya uganga, na hapo ndipo lilipopata mzizi jina la Dokta aliloitwa ukubwani. Baba yake alikuwa mwimbaji na mchezaji wa ngoma, lakini alifariki mwanawe akiwa bado mdogo. Shule haikumshika. Alijifundisha ngoma na gita mwenyewe, akaingia katika bendi za hoteli akiwa kijana, akazunguka Kongo ya mashariki na nchi jirani kwa miaka kabla ya kuitwa Dar es Salaam na mjomba wake, Mzee Makassy, kiongozi wa Orchestra Makassy.

Dar es Salaam ya 1978 haikuwa na njaa ya bendi. Maquis du Zaire walikuwa wameingia tangu 1972 kutoka Kongo, wakiwa na vyombo vizuri na nidhamu ya jukwaa. Bendi ya Msondo ilikuwa na wapenzi wake, na punde bendi ya Mlimani Park nayo ikaja na mtindo wa Sikinde. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, ukumbi wake, na wapenzi ambao wangegombana kwa ajili yake. Redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na ndiyo iliyokuwa studio pia. Mtanzania wa wakati huo alisikiliza maneno ya wimbo kama anavyosikiliza shauri barazani. Alitaka kisa, alitaka funzo, alitaka kujua nani kamkosea nani.

Hapo ndipo Wakongo wengi walipopata taabu. Sauti zao zilikuwa tamu, magita yao hayakuwa na mpinzani, lakini Kilingala kiliwaacha wasikilizaji wakicheza bila kuelewa, na Kiswahili cha kujifunza haraka hakikuweza kubeba mafumbo. Remmy hakuwa na tatizo hilo. Kiswahili alikinyonya. Akiwa Makassy alitunga "Siku ya Kufa", na watu wakatambua kwamba huyu mgeni anasema nao kama jirani. Makassy walipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye alibaki, akajiunga na bendi ya Matimila. Baadaye ikaitwa Super Matimila.

Miaka ile ile, upande wa pili wa dunia, mwimbaji mwingine alikuwa akijigeuza kwa njia iliyo kinyume kabisa, na kuwaweka pamoja kunasaidia kuona alichokifanya Remmy. Grace Jones alizaliwa Jamaika mwaka 1948, mwaka mmoja baada ya Remmy. Alikuwa ametoa albamu tatu za disko kati ya 1977 na 1979, na disko ilikuwa inachokwa Marekani. Chris Blackwell wa Island Records akampeleka Nassau, Bahamas, katika studio ya Compass Point, akamkutanisha na Sly Dunbar kwenye ngoma na Robbie Shakespeare kwenye besi, mafundi wa rege, pamoja na mpiga kinanda Wally Badarou, mwenye asili ya Benin. Matokeo yake ni "Warm Leatherette" ya 1980 na "Nightclubbing" ya 1981. Nyimbo nyingi humo zilikuwa za watu wengine: za Roxy Music, za The Pretenders, za Bill Withers, hata tango ya Astor Piazzolla. Maneno mengi aliyachukua kama yalivyokuwa, akabadili kilichokuwa chini yake. Besi nzito ya rege ikazishika nyimbo za roki na za fanki sawasawa, na sauti yake baridi ikazifanya zote kuwa mali yake.

Remmy alifanya kinyume. Chini hakubadili mengi. Gita la solo, gita la pili, gita la ridhimu, besi, ngoma na tumba vilibaki katika rumba ile ile ya Kongo: mwanzo wa polepole kwa ajili ya kisa, kisha sebene inayowainua watu vitini. Alichokibadili ni kinachosemwa juu yake. Aliukataa muziki wake kuitwa soukous, akauita Ubongo Beat, muziki wa kuingia kichwani kabla ya kufika miguuni. Aliimba juu ya kifo, juu ya mnyonge asiyesikilizwa, juu ya fedha na wasionazo. Alijiita Sura Mbaya mwenyewe kabla mtu mwingine hajamwita hivyo, akaufanya ubaya wa sura kuwa cheo cha maskini wote.

Msikilize katika "Kifo". Magita yanaanza kwa upole mno, kama hayataki kumwamsha mtu. Kisha inaingia sauti yake yenye mikwaruzo, isiyo tamu hata kidogo ukiilinganisha na za waimbaji wa Maquis, na anakisemesha kifo chenyewe kama mtu aliyeingia uani bila hodi. Anakilaumu na kukiuliza maswali. Haimbi sana, anazungumza kwa kufuata gita, anavuta neno, analirudia, analiacha. Ni sauti ya mtu aliye msibani saa nane ya usiku, wakati jamaa wamekwisha kulia na sasa wanataka kuelewa. Katika dansi la Tanzania ni vigumu kupata wimbo unaoufikia huu kwa ukweli.

Ujasiri wake mkubwa zaidi ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata watu walikuwa wakizika kila wiki huku wakinong'ona. Remmy akatunga "Mambo kwa Soksi", wimbo unaowahimiza wanaume kutumia kondomu. Aliita kondomu soksi, akapita hivyo bila kuyataja matusi, na bado redio haikuupiga. Kanda zikauzwa, kumbi zikajaa, vijana wakauimba barabarani. Waliomshutumu kwamba anaharibu maadili hawakuwa na wimbo mwingine wa kuwapa vijana hao. Yeye alikuwa nao, na pengine uliokoa maisha zaidi ya mabango mengi ya wakati ule.

Ulaya ilimpata kwa njia ya kanda pia. Rafiki aliyekuwa akirudi Uingereza alibeba kanda ya Matimila, ikawafikia watu wa WOMAD, tamasha aliloshiriki kulianzisha Peter Gabriel, na mwaka 1988 bendi ikaalikwa kwenye ziara. Ikatoka santuri ya "Nalilia Mwana", kisha, kwa lebo ya Real World, "Songs for the Poor Man" ya 1989 na "Mambo" ya 1992. Katika "Mambo" Remmy aliimba baadhi ya nyimbo kwa Kiingereza ili hadhira mpya imwelewe. Nia ilikuwa njema na magita yanang'aa kwa usafi wa studio. Lakini anapoacha Kiswahili uganga unapungua. Hasira inabaki, mafumbo yanaondoka, na sentensi zinakuwa fupi kama za mtu anayeuliza njia ugenini. Grace Jones angeweza kuvaa maneno ya mtu yeyote na kubaki yeye. Remmy alihitaji maneno yake.

Baada ya miaka ya kuugua, Remmy alitangaza kuokoka, akaacha muziki wa dansi na kuanza kuimba Injili. Kwa mtu aliyeitwa Dokta kwa sababu ya meno ya uganga, na aliyebeba jina la mwezi wa mfungo kutoka jimbo la Kasongo ya Waislamu, ulikuwa mgeuko ulioonekana mkubwa kuliko yote. Wapo wapenzi wa zamani waliosikitika kwa kumkosa kwenye kumbi. Hata hivyo anayeziweka nyimbo hizo kando ya zile za miaka ya 1980 atakuta mwimbaji yule yule wa msibani, anayetaka kujua kwa nini maskini anateseka na mauti yanakuja lini. Safari hii anaamini amejibiwa, na anawaeleza majirani zake jibu hilo kwa Kiswahili kile kile alichotoka nacho Maniema.