Vibonzo, Balbu na Neno "Umeme" Kikuubo

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha msamiati wa nishati jijini Kampala ana tatizo ambalo mwenzake wa Dodoma hana. Kuanzia mwaka 2005 hadi Machi 2025, Umeme lilikuwa jina la kampuni iliyosambaza umeme nchini Uganda. Nguvu zenyewe Waganda huziita amasannyalaze. Bango la "Tunza umeme" lingebandikwa Kikuubo, kichochoro maarufu cha maduka ya jumla, mfanyabiashara angeweza kuuliza: niitunze kampuni kwa lipi, nayo ndiyo inayoniletea bili?

Swali hilo si mzaha mtupu. Mwaka 2006 Ziwa Victoria lilikuwa limepungua sana, kwa ukame na kwa maji mengi yaliyopitishwa katika mabwawa ya Nalubaale na Kiira huko Jinja. Mgao ukawa mkali, wenye maduka wakategemea jenereta. Mwaka 2007 serikali iligawa bure balbu zipatazo 800,000 za kubana matumizi, mradi mtu arudishe balbu yake ya zamani. Balbu ya wati 60 ilipisha nyingine isiyofika wati 20, na mwanga ukabaki karibu ule ule. Ieleze hesabu hiyo kwa sentensi, utachosha watu. Ichore katika visanduku viwili, itaeleweka hata kwa mteja aliyetoka Kongo au Sudan Kusini kununua bidhaa Kikuubo.

Afrika Mashariki ina mapokeo ya kazi hiyo. Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru zama za Ujamaa. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo mingi. Wahusika hawa hawahubiri. Hukosea wao, msomaji akacheka, naye akajitazama. Kwa maoni yangu, kibonzo cha nishati chenye bwana wa suti anayenyoosha kidole ni tangazo tu. Afadhali mwenye duka anayelaani mgao huku taa zake zikiwaka mchana kutwa!

Lakini maneno ya chini ya picha yaweje? "Stima" ya Wakenya ingeondoa utata, ingawa kwa Mtanzania ina ugeni. Tangu Aprili 2025 usambazaji umo mikononi mwa kampuni ya serikali, UEDCL, kwa hiyo "umeme" linaweza kurudi kuwa nomino ya kawaida. Bango la kampuni huondolewa kwa siku moja. Mazoea ya ulimi wa sokoni huchelewa.